Faili la Kisima

Kisima kikizinduliwa tunapiga makofi maji yanapotoka. Faili la risiti halipigiwi makofi na mtu, na leo nataka kulisifu hilo.

Visima kama hivyo hugharimiwa pia na Mfuko wa Rotary, chama cha klabu za watu wanaojitolea; mfuko huo ulianza mwaka 1917. Mchango wake wa kwanza, dola 26.50, ulitoka klabu ya Kansas City. Siku hizi mchango wa mwaka huwekezwa kwa miaka mitatu hivi kabla ya kwenda kwenye miradi. Klabu ikitaka ruzuku kubwa, sharti ipate klabu mwenza ya nchi nyingine, bajeti isipungue dola 30,000, na kwanza wanakijiji waulizwe wanachohitaji. Hapo ndipo mwanachama wa klabu aliyekwisha kufunga duka lake jioni anapoketi na makaratasi: ankara za mabomba, akaunti ya mradi yenye watia saini wawili, nani atatengeneza pampu ikiharibika, ripoti ya kila mwaka. Nyaraka zitunzwe miaka isiyopungua mitano. Mwanachama huyo halipwi. (Na ada ya uanachama anatoa yeye, watu wasidhani.)

Mama anayejitwisha ndoo pale kisimani hamjui mtu huyo.