Shajara ya Livingstone: Kwa Nini Aliandika Mara Mbili

Anayeshindwa kuandika shajara kila siku hujilaumu kwa uvivu. Nadhani kosa huwa kwenye daftari lenyewe: ni zuri mno. Jalada gumu na karatasi nyororo humdai mtu sentensi zilizonyooka, na saa nne usiku, mwili umeshachoka, sentensi hizo hazipatikani. Mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, pamoja na dosari zake nyingi, alilikwepa deni hilo kwa kuandika mara mbili. Safarini aliandika kwa mkato kwenye vijitabu vidogo. Akipata kituo, akanakili kwa utulivu kwenye daftari kubwa. Mwaka 1871, akiwa katika eneo la Manyema, Afrika ya Kati, karatasi zikamwishia, na wino pia. Akachukua gazeti kuukuu la London, The Standard la Novemba 1869, akaligeuza upande akaandika, mistari yake ikakatiza ile ya chapa, kwa wino wa mbegu za mmea wa huko huko. Wino ukafifia hadi kurasa zikawa karibu hazisomeki. Ilibidi zipigwe picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, matokeo yakatolewa 2011. Siku zenyewe, hata hivyo, hazikupotea. Kwenye makaratasi hayo machafu ndimo alimoandika aliyoyaona Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walipoumiminia risasi umati wa sokoni, wengi wao wanawake.

Mwenye shaka atasema hiyo ni kazi maradufu kwa mtu asiye na muda hata wa kuandika mara moja. Sivyo: ya kwanza tu ndiyo ya kila siku, na mistari mitatu inaitosha; ya pili haina ratiba. Pingamizi zito ni kwamba nakala hupamba. Hilo ni kweli. Watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki walipolinganisha maandishi ya Nyangwe na daftari kubwa, walikuta Livingstone amebadilisha mambo kadhaa, na kitabu cha shajara hizo kilichotoka 1874, yeye akiwa ameshafariki, kilipita tena mikononi mwa mhariri Horace Waller. Lakini upambaji huo umejulikana kwa sababu gazeti lile halikutupwa. Basi anayeanza leo aandike popote, nyuma ya risiti ya duka au ya tiketi ya basi, atie tarehe, asukumie kwenye bahasha. Na bahasha abaki nayo hata daftari kubwa likishajaa.