Sifa za Waraka wa Kuulizia Bei

Washairi wa pwani wamelisifu jahazi na nahodha wake, wakausifu mnazi toka mizizi hata makuti, wakawasifu na mafundi wa nakshi za milango, bali sijapata kumsikia aliyeketi kitako akamtungia sifa katibu anayeandika waraka wa kuulizia bei ya mashine. Mtu huyu ana fani yake kamili, na fani yenyewe ni ngumu, maana mikononi mwake hupita mali isiyokuwa yake, naye hana chombo cha kuilindia ila maneno. Akiyapanga vema, wauzaji watatu wasiojuana, mmoja yuko Guangzhou, mmoja Dubai na mmoja hapa Kariakoo, watamjibu swali moja. Akiyapanga vibaya, ataletewa majibu ya maswali matatu mbalimbali, kila jibu na uzuri wake, wala pasiwe na mizani ya kuyapimia. Humo, katika kuwafanya watu wa mbali wajibu jambo moja kwa kipimo kimoja, ndimo ninamouona uhodari wote wa kazi hii.

Nitauonyesha uhodari huo kwa mfano ambao baadhi ya wasomaji watauona hauna hadhi ya insha: mashine za biashara za kusafishia kofia ngumu za pikipiki, zile ambazo vijana wa bodaboda huziita helmeti. Tuseme chama cha waendesha bodaboda wa Kimara, hapo mabasi ya mwendokasi yanapoteremsha watu wanaomalizia safari zao kwa pikipiki, kimekubaliana kununua mashine mbili kwa fedha za michango. Haja yao haihitaji maelezo kwa mtu aliyepata kupanda pikipiki Dar es Salaam mwezi wa Februari. Kofia ya abiria huhama kichwa hata kichwa tangu alfajiri, ikachukua jasho la huyu, mafuta ya nywele ya yule na vumbi la wote. Abiria huipokea, akaigeuza, akainusa, kisha akaipakata mapajani, na mama aliyetoka kusukwa asubuhi ile hataki hata kuiona. Ilhali kofia hiyo ndiyo amana ya uhai wake. Askari na mwandishi wa Kiingereza T. E. Lawrence alipokufa mwaka 1935 kwa kuumia kichwa katika ajali ya pikipiki, daktari Hugh Cairns, aliyekuwa miongoni mwa waliomtibu, alianza kuvichunguza vifo vya namna ile hata akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na tangu hapo elimu haikuacha kusema jambo lile lile: mapitio ya tafiti za tiba yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Basi uvundo wa kofia si jambo dogo. Anayeikataa kwa ajili ya harufu ameitupa ngao yake kwa udhuru unaoweza kuondolewa, na kuuondoa udhuru huo ndiyo kazi ya mashine.

Katibu mwanagenzi akipewa shauri hili hukimbilia vijitabu vya wauzaji. Aliyebobea huanzia kijiweni. Huketi na vijana tangu saa kumi na mbili asubuhi, akatazama na kuuliza: kofia ngapi hutumika hapa; ni za uso wazi au ni zile za kufunika hadi kidevu, ambazo chumba kidogo cha mashine hakizipokei; nani atalipa, dereva au abiria, na kwa sarafu au kwa simu; mashine itasimama wapi, na masika yakiingia mvua ya upepo itaifikia au haitaifikia; umeme utavutwa kutoka wapi, na usiku nani atalinda. Kisha hufanya hesabu ambayo mtoto wa shule huiweza na ambayo aghalabu husahauliwa na wakubwa: mashine ya chumba kimoja, ikitumia dakika tano kwa kofia, haisafishi zaidi ya kofia 12 kwa saa, na kijiwe chenye kofia 40 kitahitaji saa tatu na ushei ili zote zipite mara moja. Saa hizo hazipatikani asubuhi. Ama vyumba viongezwe, ama kofia zisafishwe mchana abiria wanapopungua, na uamuzi huo ni wa wenye kijiwe, si wa muuzaji, wala haufai kuachwa uamuliwe na picha iliyo katika kijitabu chake.

Baada ya mahali huja elimu ya kitu chenyewe, na hapa ndipo penye utamu wa kazi, kwa kuwa katibu hulazimika kuwa mwanafunzi wa sayansi kwa muda wa juma zima bila ya mtu kumwita hivyo. Mashine hizi aghalabu ni kabati la chuma lenye mlango. Kofia huwekwa ndani, mlango hufungwa, na kwa dakika chache hupulizwa hewa ya moto, humulikwa kwa miale ya urujuanimno, hufukizwa gesi ya ozoni, na mwisho hunyunyiziwa manukato. Kila kimoja kina faida yake na khatari yake. Tuanze na moto. Chini ya kitambaa cha kofia kuna povu gumu la polisitirini, na povu hilo ndilo linalobonyea na kumeza kishindo pale kichwa kinapogonga lami. Nalo hulainika joto linapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na laweza kuanza kupotoka umbo kabla ya hapo, huku kitambaa kikiificha aibu hiyo machoni pa watu. Mashine yenye moto mwingi yaweza, kwa hivyo, kurejesha kofia inayonukia vizuri isiyomfaa mtu siku ya ajali. Katibu mwenye hadhari haandiki "hewa ya moto" akapita. Huandika kwamba joto juu ya kofia lisipite nyuzi 50, na kwamba pawepo kifaa cha kuizima mashine likipita.

Mwanga nao una mipaka yake. Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha mwaka 1877 kwamba mwanga wa jua huzuia vijidudu kukua, na taa za zebaki zitoazo miale ya karibu nanomita 254 huvishambulia kwa ukali uliozidi. Lakini mwanga huenda moja kwa moja, hauzunguki kona, wala hauingii katika mikunjo ya kitambaa au nyuma ya pedi za mashavuni, na juu ya hayo plastiki inayomulikwa sana huchakaa. Kwa hiyo taa moja juu ya dari ya kabati ni mapambo tu, na waraka hauna budi kuuliza taa ni ngapi, zimepangwa pande zipi, na ndani ya kofia hufikiwa vipi. Ozoni huingia pale mwanga unaposhindwa, na kwa uvundo ni dawa kali, bali gesi hiyo hudhuru mapafu: sheria ya Marekani kuhusu maeneo ya kazi haimruhusu mtu kuivuta kwa wastani wa zaidi ya sehemu 0.1 katika milioni kwa saa nane. Basi mlango uwe na kufuli lisilofunguka mpaka gesi imekwisha kuvunjwa, na muuzaji aonyeshe kipimo kilichochukuliwa nje ya kabati, mahali anaposimama mtu. Kuhusu manukato nitasema machache: harufu nzuri juu ya uchafu ni ghashi, na katibu mwenye insafu huyaweka mwisho wa orodha.

Liko jambo ambalo vijitabu hulipitia kimya kimya. Mashine nyingi za namna hii haziondoi chumvi ya jasho wala mafuta ya nywele yaliyokwisha kunywewa na kitambaa. Hukausha, huua sehemu ya vijidudu, hupunguza uvundo, basi. Anayetaka kofia iliyooshwa hasa atafute maji, sabuni laini na kitambaa kinachochomoka. Hili si la kuificha mashine aibu yake, wala si la kuikataa mashine. Ni la kuamuliwa kabla ya kuandika, ili wanachama wasije wakanunua kitu kimoja wakitumai kingine. Na anapotajiwa kwamba mashine "inaua asilimia 99.9 ya vijidudu," mwandishi wetu huuliza kwa adabu: vijidudu vipi, na ukungu unaoleta mapunye umo, kwa dakika ngapi, juu ya kioo kitupu au juu ya kitambaa cha kofia, na ni maabara gani iliyopima. Wapo wauzaji ambao swali hilo peke yake huwanyamazisha, na kunyamaza kwao ni jibu lenye thamani kuliko kurasa za sifa.

Ama lugha ya waraka, sharti lake la kwanza ni kuyafukuza maneno imara, bora na ya kisasa, ambayo kila muuzaji huyakubali kwa moyo mkunjufu kwa sababu hayamfungi kwa lolote. Mahali pao ziwekwe tarakimu: umeme wa volti 230 na hezi 50, plagi ya miguu mitatu bapa, na kiwango ambacho mashine itavumilia umeme unapopanda na kushuka; chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya pwani ina chumvi; chumba cha upana fulani na kimo fulani. Anayenakili sifa zote za mashine ya muuzaji mmoja, hata rangi ya kitasa, kisha akawaandikia wengine eti nao washindane, amekwisha kutoa mahari kabla ya kuposa. Ikilazimu kutaja mtambo wa jina, aandike pia "au unaolingana nao," na aseme kulingana huko kutapimwaje.

Bei ndiyo inayodhaniwa kuwa kiini cha waraka, ilhali kuiuliza ni kazi ya kufuata taratibu zilizokwisha kutengenezwa. Tangu mwaka 1936 Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao yake Paris, kimetoa istilahi za kugawanya gharama na khatari za safari kati ya muuzaji na mnunuzi, na katibu asiyezitumia hulinganisha bei ya mashine iliyoachwa bandarini China na bei ya mashine iliyokwisha kufungwa Kimara, akampa ushindi yule asiyestahili. Basi kila mmoja aulizwe bei ya bidhaa peke yake, ya usafiri na bima, ya ushuru wa forodha, ya kodi ya ongezeko la thamani, ya kuifunga na kuwafundisha vijana. Na kila moja iwe katika mstari wake. Nami ningeongeza, kwa herufi nzito, bei ya vipuri. Taa za urujuanimno hudhoofika hata zikiendelea kuwaka, na nyingi huhesabiwa kwa saa 9,000 hivi, chujio huziba, betri ya kisomeo cha malipo hufa. Mashine rahisi yenye taa isiyouzwa popote Afrika Mashariki ni ghali.

Mengineyo hayana haja ya maneno mengi: dhamana ya mwaka mmoja au zaidi, malipo kwa awamu, sehemu ya fedha izuiliwe mpaka mashine imefanya kazi mwezi mzima. Kurasa mbili zatosha, na tatu zikizidi. Siwapendi makatibu wanaobandika kurasa ishirini zilizonakiliwa katika mkataba wa kujengea hospitali, wakidhani wingi wa masharti ni ulinzi. Muuzaji mwema husoma, akachoka, akaenda zake, na hubaki yule anayetia sahihi bila ya kusoma.

Waraka ukiisha kupigwa chapa hupelekwa kwa wote siku moja. Mmoja akiuliza swali, jibu huandikwa kwa wote bila ya kumtaja aliyeuliza, ili asiwepo anayejua zaidi ya mwenzake kwa sababu tu ana namba ya simu ya katibu. Siku na saa ya mwisho hutajwa, na muda ambao bei itadumu, tuseme siku 60, kwa kuwa thamani ya dola haingoji vikao vya chama. Majibu hufunguliwa mbele ya wanachama, yakapangwa katika jedwali moja, mstari kwa mstari, na aliyeshinda huonekana na kila mwenye macho. Waliokosa nao huandikiwa, kwa mistari michache, wakaelezwa ni kipengele gani kilichowaangusha. Na yule aliyeshindwa safari hii kwa kutotaja bei ya taa, aghalabu ndiye atakayeleta jibu lililo kamili kuliko yote pale mashine ya tatu itakapotakiwa.