Maji ya Naivasha Huenda Wapi?

Ziwa Naivasha hupokea maji ya mito Malewa na Gilgil, wala hakuna mto unaotoka. Jua nalo hulinyonya mwaka mzima. Kwa hali hiyo lingekuwa la magadi kama jirani zake Elementaita na Nakuru, lakini maji yake hayana chumvi nyingi, ng'ombe wanayanywa na mashamba ya maua yanayatumia. Lazima sehemu yake inavuja chini kwa chini na kuondoka na chumvi.

Kuthibitisha hilo ndiyo kazi. Baharini, maji yaliyofichika yanaweza kufuatwa kwa vyombo: huko Antaktika, watafiti wa mikondo ya kina chini ya barafu huachilia vyombo vinavyochukuliwa na maji, vikisikiliza milio ya mitambo iliyotiwa nanga ili njia yake ijulikane. Ndani ya miamba ya volkano hakipiti chombo. W. G. Darling, D. J. Allen na H. Armannsson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, walifuata alama iliyomo ndani ya maji yenyewe.

Maji yanapogeuka mvuke, molekuli nyepesi hutangulia. Zenye isotopi nzito, yaani oksijeni-18 au deuteri, huchelewa. Maji ya ziwa yaliyopigwa na jua huwa na nyingi za aina hiyo kuliko mvua iliyopenya ardhini kutoka Mau au Nyandarua. Sampuli ikiangukia katikati ya hizo mbili, ni nusu kwa nusu.

Ugumu ulikuwa kusini mwa ziwa, Olkaria na Longonot, ambako ardhi hutoa mvuke kwenye matundu. Mvuke haulingani na maji yaliyouzaa: yanapochemka, isotopi hutengana tena, na kiasi hutegemea joto la huko chini. Mvuke ukipozwa na kupimwa bila kusahihisha jambo hilo, maji ya ziwa yanaweza kuonekana machache kuliko yalivyo. Kwangu, hesabu ya kusahihisha hilo ndiyo uti wa mgongo wa utafiti wote. Baada yake, alama ya ziwa ilionekana wazi upande wa kusini.

Njia hii hutaja sehemu ya mchanganyiko, haitaji mwendo. Tena ziwa halitulii: mwaka wa mafuriko kama 2020, maji mapya ya mito huififisha alama.

Kwa hiyo, mnaochimba visima Naivasha na Gilgil, chukueni sampuli ya kisima na ya ziwa siku moja. Chupa ijae hadi mdomoni, ifungwe barabara, iandikwe tarehe.