Miti itaota juu ya nini?

Wandugu, nimesoma memwari zetu nyingi juu ya machimbo ya wazi. Ikuwe makaa ya Luena ao shaba ya Kolwezi, mwisho ni ule ule: "watapanda miti". Sawa, lakini juu ya nini? Hapo njo shida iko.

Kazi ya mazingira inaanza mbele ya baruti. Udongo wa juu unatolewa kwanza, unawekwa pembeni kwa malundo mafupi, unaoteshwa majani ili mvua isiubebe. Lundo likipanda sana, chini hewa inakosa, mbegu na vidudu vinakufa.

Memwari yangu pia haikusema hiyo, na juri ilinipongeza. Siku chimbo litafungwa, mama mwenye shamba atarudishiwa mawe. Tuandike udongo kwanza.