«Baba eko?» Kusoma Beauvoir na Young tukiwa Kabalo

Bandugu, miye nilisoma agronomia, si filozofia. Kama leo naandika juu ya filozofia, ni kwa sababu ya kosa moja nililofanya shambani, na agronomia haikunisaidia kulielewa.

Wakati natayarisha kazi yangu ya lisansi, nilizunguka vijiji vya hapa Kabalo na fomu ya maulizo juu ya mihogo. Swali la kwanza: jina la mkubwa wa nyumba. Nilikuwa nakuta mama anamenya mihogo. Yeye ndiye alilima, alipanda, na alijua mstari gani ulishikwa na mozaiki na mwezi gani. Na miye, mwanamke kama yeye, nauliza: «Baba eko?» Anajibu: «Mie siwezi kusema mambo ya shamba, ungojee baba.» Nangojea. Baba anafika, anasema hekta moja. Naandika hekta moja. (Ile shamba nililipima siku nyingine: hata nusu haikufika.) Walimu wakanipa pointi nzuri.

Ile «siwezi» ilinifuata mpaka siku niliyomsoma Iris Marion Young. Mwanafilozofia huyu wa Marekani alitoa mwaka 1980 andiko linaloitwa «Throwing Like a Girl», yaani kurusha kama msichana. Kabla yake, daktari Erwin Straus aliona kwamba wasichana wanarusha mpira na mkono tu, mwili mwingine unabaki nyuma, akafikiri ni mambo ya maumbile yao. Young anakataa. Anachukua fenomenolojia ya Merleau-Ponty: mwili, mbele ya kuwa kitu cha kupimwa, ni «ninaweza». Unaona kikombe, mkono unakwenda wenyewe. Lakini msichana, Young anasema, amekomaa akiangaliwa, akiambiwa kaa vizuri, utaanguka. Basi «ninaweza» yake inatembea pamoja na «siwezi».

Nilisema: kweli. Kiisha nikasema: hapana, si kwetu. Mama wa Kabalo anatembea kando ya reli, beseni kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Mwili ule hauogopi uzito. Young mwenyewe anakubali kwamba anaongea juu ya wanawake wa miji na viwanda. Kwetu «siwezi» haiingii katika mkono. Inaingia wakati mizani inafika, wakati karatasi inataka jina. Mama aliyebeba gunia tangu shambani anarudi nyuma hatua mbili wakati mnunuzi anafungua mfuko wa pesa. Hatua mbili, nimeziona. Kwa ile miye naishukuru fenomenolojia: inakulazimisha kuangalia ni fasi gani hasa mwili unasimama.

Mtu ataniambia: ni sheria tu. Ni kweli kidogo. Kodi ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ile ruhusa, lakini kifungu 444 kinaendelea kusema bwana ni mkubwa wa nyumba. Sawa. Ila mama yule hajasoma Kodi hata siku moja. Na miye niliyejua kwamba ruhusa iliondolewa, nani alinituma kuuliza «Baba eko»?

Hapa njo saikoanalisia inaingia, na wanawake waliisoma kwa ukali. Simone de Beauvoir, katika «Le Deuxième Sexe» ya 1949, anamlaumu Freud kwamba anaanza na nguvu ya baba kama jambo lililokwisha kuwako, bila kuuliza ilitoka wapi. Luce Irigaray, naye mwanasaikoanalisia, alionyesha katika «Speculum» ya 1974 kwamba Freud akimtazama msichana anaona mvulana aliyepungukiwa. Mwanamke anakuwa kioo cha mwanaume. Kiisha kitabu kutoka, alipoteza kazi yake ya kufundisha Vincennes. Kwao nilijifunza jambo la aibu: lile swali halikuwa mawazo, lilikuwa hamu. Fomu ilitaka mwanaume, na miye nilitaka fomu inipende, nionekane agronomu wa kweli.

Lakini ndani ya chumba cha daktari wa Freud hamna gunia. Hakuna anayeuliza pesa ya mihogo ililala kwa nani. Bila ile swali, nitalia juu ya hamu yangu na mama ataendelea kubeba.

Najua jibu la wakubwa wetu: «Hayo ni ya wazungu, sisi Baluba tuna filozofia yetu.» Tunayo. Mwaka 1945, mwaka uleule Merleau-Ponty alitoa kitabu chake kikubwa Paris, padri Placide Tempels, aliyeishi kati ya Baluba, alitoa «La philosophie bantoue» Elisabethville. Pale muntu ni nguvu, inapanda, inapungua. Vizuri. Lakini unamaliza kusoma na muntu yule hajaumwa mgongo hata siku moja.

Miye nampenda zaidi fundi wa Buli, upande wetu huu wa Lualaba. Alichonga viti vya wakubwa, leo viko Metropolitan Museum ya New York na British Museum ya London: mwanamke anabeba kiti kichwani, mkubwa anakaa juu. Tunasema ni heshima, na ni heshima kweli. Baluba walisema mwili wa mwanamke tu ndio una nguvu ya kushika roho ya mfalme aliyekufa. Ila Beauvoir alionya kwamba kumweka mwanamke juu kama sanamu si kumpa neno. Na angalieni uso ule: mrefu, mashavu yameingia, mikono mikubwa. Fundi aliona uchovu. Tempels hakuuona.

Sasa fomu yangu inaanza na maswali mawili: nani alishika jembe, nani alishika pesa. Juzi mama mmoja aliyasikia, akacheka wee, akapangusa mikono. Kiisha akaangalia mlangoni kwanza, mbele ya kunijibu.