Mkono Unaojua Kungoja

Fetoskopu ya Pinard haina betri wala waya, na haina kioo cha kuonyesha tarakimu. Ni bomba fupi la mbao, plastiki au aluminiamu, pana upande mmoja na bapa upande wa pili, lililobuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na daktari Mfaransa, Adolphe Pinard. Upande mpana huwekwa juu ya tumbo la mama, na sikio la mkunga hukaa upande wa pili. Kisha mkunga huliachia mkono, hutuliza pumzi zake, na kwa dakika nzima huhesabu mapigo ya moyo wa mtu ambaye bado hajazaliwa. Kazi ninayotaka kuisifu imo yote katika tendo hilo: kuinama, kunyamaza, kusikiliza, kuhesabu, halafu kuamua.

Bomba hilo halimsaidii asiyejua pa kuliweka. Kwanza viganja viwili hupapasa tumbo, juu, pembeni, kisha chini, vikitafuta kichwa kiko wapi na mgongo umelalia upande gani, maana moyo wa mtoto husikika vizuri zaidi kupitia mgongo wake. Sauti yenyewe ni ndogo na ya haraka, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu kutoka kwako. Ukiisikiliza, vidole vyako viwe kwenye mshipa wa mkono wa mama, usije ukahesabu moyo wa mama ukadhani ni wa mwanawe. Mapigo kati ya 110 na 160 kwa dakika ni salama. Yakishuka chini ya hapo au yakipanda juu yake, mtoto analeta habari.

Maarifa haya yameandikwa vitabuni, lakini hayakai mkononi kwa kusomwa. Mkunga mzoefu huuchukua mkono wa mwanafunzi, huuweka chini ya wake, na kuupeleka polepole mpaka usikie tofauti ya kichwa na matako. Ndiyo sababu wanafunzi wa uuguzi na ukunga hutolewa darasani wakapelekwa wodini, na mara nyingi wodi hiyo huwa mbali sana na kwao.

Mimi nilitoka Karagwe, mkoani Kagera, nikapangiwa mafunzo ya vitendo kusini, mkoani Lindi. Ni kuivuka nchi kona hadi kona, kutoka milima ya magharibi mwa Ziwa Victoria hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi. Nilikulia kwenye ndizi na maharage. Huko nikajifunza kula ugali wa muhogo na mchuzi wa nazi. Tulipanga chumba kimoja wanafunzi watatu, jiko letu likiwa kizingitini. Mama mwenye nyumba alikuwa akituona tunarudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, tumevimba macho, anatuambia, “Wanangu, laleni, maji nitawachotea mimi.” Tukimjibu kwa shikamoo, anaipokea akiwa tayari ameshika ndoo.

Siku ya mwanafunzi huanza adhana ya alfajiri inapolia. Sare imefuliwa jana yake, kucha zimekatwa, saa yenye mshale wa sekunde iko tayari. Saa moja na nusu asubuhi mnasimama kitanda kwa kitanda kwa makabidhiano, na mkunga wa usiku anasoma kwa sauti iliyochoka: kitanda namba nne, mimba ya tatu, watoto wawili hai, njia sentimita sita, presha 120 kwa 80, mapigo ya mtoto 136, mkojo amepata. Sentensi hiyo moja imebeba usiku mzima wa mtu. Mwanafunzi anayeisikiliza kwa makini anajua aanzie wapi. Aliyeisikiliza nusu atampima mama mwenye nafuu na kumpita aliye hatarini.

Baada ya hapo ni kutandika vitanda, kupima joto, kupima presha, kutakasa vifaa, kupeleka sampuli maabara, kumsindikiza mama hadi mlango wa thieta. Wapo wanaodhani hizi ni kazi za kumpotezea mwanafunzi muda. Sivyo. Mama aliyepita wiki ya 20 ya ujauzito akikutwa na presha ya 140 kwa 90, hilo ni onyo, na huenda aliyeligundua ni mwanafunzi aliyezungusha kipima presha vizuri, akamwacha mama apumzike kwanza, na akaandika alichokiona badala ya alichotarajia kukiona. Kifafa cha mimba huua haraka. Namba ya kweli, iliyoandikwa kwa wakati, hukiwahi.

Lakini roho ya ufundi huu iko leba, na hasa usiku. Huko ndiko mwanafunzi hujifunza kungoja, na kungoja kwa mkunga ni kazi nzito kuliko kazi nyingi za kukimbia. Mwaka 1972, madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika jiji ambalo leo ni Harare, walichora mistari miwili kwenye chati ya uchungu ili wakunga wa vituo vya pembezoni wajue wakati wa kumpeleka mama hospitali kubwa. Chati hiyo, iitwayo patografu, iliyozaliwa katika bara letu kwa ajili ya wakunga wa bara letu, ikaenea duniani. Tulivyofundishwa sisi, njia ikifika sentimita nne unaanza kuweka alama: njia inafunguka kiasi gani, kichwa kimeshuka kiasi gani, uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika kumi, moyo wa mtoto kila nusu saa. Alama zikibaki kushoto mwa mstari wa tahadhari, endelea kungoja na kumtia mama moyo. Zikiuvuka, mwite mkubwa wako mfikiri pamoja. Zikiufikia mstari wa kuchukua hatua, saa nne mbele ya ule wa kwanza, muda wa kungoja umekwisha.

Ungojaji wa namna hii hauna usingizi ndani yake. Mkunga hukaa kando ya kitanda, humsugua mama kiuno, humpa maji, humwambia ageukie ubavu wa kushoto, humwacha atembee akitaka kutembea. Anaijua hamu ya ndugu na ya mzazi mwenyewe kwamba kitu fulani kifanywe, sindano fulani ichomwe, yaishe. Anajua pia kwamba uchungu unaokwenda vizuri ukiharakishwa bila sababu unaweza kugeuka hatari. Kwa hiyo huizuia mikono yake. Nimewaona wakunga wenye miaka mingi kazini wakikunja mikono namna hiyo, macho yao yakiwa hayakunji kitu, na nikajua kwamba natazama ufundi uliokomaa.

Kisha mtoto hutoka, na saa hubadilika. Mkono uleule uliongoja usiku kucha hutakiwa kufanya mambo mengi ndani ya dakika moja. Mtoto hukaushwa na kusuguliwa mgongo, huwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, hufunikwa kanga kavu. Mkunga hupapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, kisha mama huchomwa oksitosin yuniti 10 pajani ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isimwagike. Mtoto asipolia, asipovuta pumzi, ile dakika ya kwanza inaitwa dakika ya dhahabu: ndani yake lazima hewa ianze kuingia mapafuni kwa mfuko na barakoa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoonyesha dunia thamani ya dakika hiyo. Utafiti uliofanyika katika hospitali nane nchini na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba baada ya wakunga kufundishwa hatua hizo, vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mafunzo yenyewe hufanywa kwa mwanasesere aliyejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto. Tulirudia kwa mwanasesere huyo mpaka vidole vikajua njia bila kuuliza.

Mikono hiyo ina historia, na mwanafunzi hana budi kuijua. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wanawake waliozalishwa katika wodi ya wanafunzi wa udaktari walikufa kwa homa ya uzazi mara nyingi kuliko waliozalishwa katika wodi ya wanafunzi wa ukunga. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Akawalazimisha kunawa kwa maji yenye klorini, na vifo vikashuka sana. Kila mwanafunzi anayesimama kwenye sinki kabla ya kumgusa mzazi anaendeleza somo lililolipiwa kwa uhai wa wanawake wengi. Sabuni, maji yanayotiririka, katikati ya vidole, kifundo cha mkono: kunawa vizuri ni heshima ya kwanza anayopewa mgonjwa, hata kabla ya salamu.

Sasa niseme kwa nini naamini ugenini ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Katika hospitali zetu nyingi ndugu wa mzazi hubaki nje, na mikeka yao na chupa za chai, wakisubiri mlango ufunguliwe. Mama yuko ndani peke yake kati ya watu asiowajua, mwili wake ukifanya jambo kubwa kuliko yote uliyowahi kufanya. Yeye naye yuko ugenini. Mwanafunzi aliyelala kwao jana, akaandaliwa chai na dada yake, anaweza kumhurumia mama huyo. Mwanafunzi aliyekula peke yake, aliyempigia mama yake simu akaambiwa “pole mwanangu, vumilia,” kisha salio likaisha, anamwelewa. Ndipo anapojifunza kusema jina lake kwanza, kueleza anachotaka kufanya kabla ya kugusa, kuvuta pazia. Nilijifunza maneno machache ya Kimwera kwa ajili ya bibi waliosindikiza wajukuu wao, na nikaona uso wa mtu ukifunguka kwa salamu moja iliyotamkwa vibaya lakini kwa moyo.

Kuna usiku ambao mambo hayaendi sawa ingawa kila mtu amefanya alilopaswa. Mtoto anazaliwa kimya, anapigiwa pumzi, anabaki kimya. Nilimwona mkunga wetu wa zamu akimfuta mtoto wa namna hiyo kwa maji ya vuguvugu, akamvika kofia, akamviringisha kanga safi kwa uangalifu uleule anaoutumia kwa aliye hai, kisha akakaa na mama, akamuuliza kama angependa kumshika mwanawe. Hakusema maneno mengi. Alipomaliza alituambia sisi wanafunzi tuandike kila kitu kwenye faili kwa saa na dakika, halafu twende tukale, kwa sababu vitanda vingine vilikuwa vinatungoja. Alfajiri ile niliporudi chumbani sikuwa na ndugu wa kumsimulia. Wenzangu wawili walikuwepo, na wao walikuwa wamebeba mzigo uleule. Tulikaa kizingitini mpaka jua likapanda. Hapo nilielewa kwamba kazi hii hufanywa na watu wanaoshikana.

Na inazaa matunda yanayohesabika. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kwamba mwaka 2015/16 Tanzania ilikuwa ikipoteza wanawake 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa sababu zitokanazo na uzazi. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 104. Katika kipindi hichohicho, vizazi vinavyotokea katika vituo vya afya vilipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Zimechangia barabara, dawa, damu salama, magari ya wagonjwa na thieta zilizojengwa karibu na watu. Lakini hakuna barabara inayojua kusikiliza moyo wa mtoto, na thieta haimwiti mtu; ni lazima awepo mkunga aliyetazama chati akasema, “Huyu tumpeleke sasa.” Wazee walituusia tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi naongeza: tusiwasahau wanaojifunza ukunga.

Kwa hiyo nina maombi. Wewe mkunga mwenye miaka kazini, mwanafunzi akisimama pembeni yako, chukua mkono wake uuweke chini ya wako. Dakika hizo hazikupotei. Wewe mwenye nyumba karibu na hospitali, mpangishe kwa bei anayoiweza, na umjulie hali akitoka zamu ya usiku. Wewe mzazi, akija na sare yake akakuomba ruhusa ya kukupima, mpe, naye akikukosea heshima msahihishe kama ambavyo ungemsahihisha mwanao. Wenye dhamana ya hospitali na vyuo, hakikisheni glovu zinatosha, wasimamizi wanatosha, na mwanafunzi ana mahali pa kulala. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mji unaompokea vizuri mwanafunzi unajijengea mkunga. Siku uzazi utakapofika nyumbani kwako, mkono utakaompokea mtoto utakuwa umefundishwa na mtu, mahali fulani, mbali na kwao. Tuhakikishe umefundishwa vizuri.