Riwaya Iliyoachwa Njiani: Zawadi au Ziada?

Mwaka 2001 Ron Hornbaker alianzisha nchini Marekani mpango uitwao BookCrossing. Taratibu zake ni nyepesi. Msomaji aliyemaliza riwaya huiandikisha kwenye intaneti, huitia namba yake ya pekee, kisha huiacha kusudi katika benchi la bustani, kituo cha treni au mkahawa. Mtu asiyemjua huiokota, huisoma, huandika maoni yake chini ya namba ile, naye huiacha kwingine. Wanaousifu mpango huu huuita ukarimu. Wahenga nao walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza: kinachotolewa hapa ni kitu gani, na ni nani anayegharimika?

Tuanze na mwandishi, kwani wapo wanaodai kwamba anaibiwa. Kisheria dai hilo halisimami. Mchapishaji Bobbs-Merrill alipiga chapa ndani ya riwaya The Castaway onyo kwamba isiuzwe chini ya dola 1. Wenye duka la Macy's wakaiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mamlaka ya mchapishaji juu ya nakala hukoma inapouzwa mara ya kwanza. Basi anayeiacha riwaya aliyoinunua anaacha mali yake mwenyewe. Lakini Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1979, mwandishi hulipwa kitabu chake kinapoazimwa katika maktaba za umma; kwa msomaji wa benchini hapati hata senti. Msomaji huyo hahesabiwi.

Hapo ndipo ilipo thamani ya ile namba. Kitabu kilichoachwa bila namba ni kitu kilichotupwa kwa adabu. Chenye namba hudai jawabu: wewe uliyekiokota, umeonaje? Wasomaji wasiojuana hukutana juu ya maandishi yaleyale, na huo ndio mwanzo wa uhakiki. Udhaifu ni kwamba hakuna anayelazimika kujibu, na vitabu vingi vikishaachwa havisikiki tena.

Tena, tendo la kuacha lenyewe ni hukumu. Hatusikii sana kwamba kamusi imeachwa kituoni. Huachwa riwaya, kwa kuwa wengi huisoma mara moja tu, na nakala iliyokwisha tumika haina bei kubwa. Kwa hiyo benchi hupokea pamoja kitabu kilichopendwa mno na kile kilichojaza rafu bure, na mwokotaji hana njia ya kuvitenga.

Kwetu Kongo swali linageuka. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa, ila Kifaransa ndicho lugha rasmi, nacho ndicho kinachotawala masomo ya juu. Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyepata nakala ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, aiache benchini kwa matumaini gani? Huenda isiokotwe na msomaji wa Kiswahili sanifu, na yeye asipate nyingine. Methali yetu inasifu moyo. Desturi hii inahitaji pia ziada. Palipo na nakala moja, kuiacha ovyo ni kuwanyima wengi.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Todd Bol, aliyejenga mwaka 2009 huko Hudson, Wisconsin, kisanduku cha vitabu mbele ya nyumba yake. Kisanduku kina mwenyewe anayekitunza, na majirani hujua pa kurudisha. Tuuchukue utunzaji huo, tuuchanganye na ile namba. Ndani ya kila riwaya ya Kiswahili tuliyo nayo ibandikwe karatasi, na kila aliyeisoma aandike jina, tarehe na maneno machache ya maoni kabla ya kumkabidhi mwenzake mkononi. Baada ya miaka michache karatasi hizo zitatuonyesha riwaya ya Kiswahili inasomwaje katika nchi yetu.